Kikorea kina mlango mpana, lakini Kiamhari ni jirani

Wengi wanaoniuliza kipi ni chepesi zaidi kati ya Kikorea na Kiamhari, lugha ya Ethiopia, huwa wameshachagua Kikorea moyoni, kwa sababu wametazama tamthilia zake na wamesikia kwamba maandishi yake hufahamika kwa siku moja. Hilo la maandishi si uongo. Mfalme Sejong wa Korea aliyaunda mwaka 1443 na kuyatangaza mwaka 1446, na Jeong In-ji, mmoja wa wasomi wake, aliandika kwamba mwenye akili huyajua kabla asubuhi haijaisha na mjinga huyajua kwa siku kumi. Herufi za msingi ni 24, na konsonanti zimechorwa kwa kufuata kinywa chenyewe: ㄴ, yaani n, ni ulimi ulioinuka kugusa ufizi, ongeza mstari upate ㄷ, ambayo ni d, kisha ongeza mwingine upate ㅌ, ambayo ni t yenye pumzi.

Fidel, mwandiko wa Kiamhari, hutisha kwa wingi wake: maumbo 33 ya msingi, kila moja likibadilika mara saba kulingana na irabu, jumla 231. Lakini aliyesoma darasa la kwanza huku kwetu akiimba “ba be bi bo bu” amekwisha kuuelewa mfumo huo, kwa maana fidel ni ubao ule ule wa silabi, isipokuwa kwamba irabu huonyeshwa kwa kuongeza mkono au mguu kwenye konsonanti: ለ ni le, ሉ ni lu, ሊ ni li. Kinachochosha ni kwamba herufi kadhaa hutamkwa sawa, na kwamba konsonanti iliyokazwa haionyeshwi kabisa. Neno ገና likisomwa gena ni “bado”, likisomwa genna ni Krismasi. Sisi tunaosoma “barabara” ya magari na “barabara” ya sawasawa kwa herufi zile zile hatuna haki ya kulalamika sana.

Kosa, kwa maoni yangu, ni kuipima nyumba kwa mlango wake. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hutenga wiki 44 kwa Kiamhari na 88 kwa Kikorea. Hesabu hiyo ni ya wasemaji wa Kiingereza, na naamini kwa msemaji wa Kiswahili pengo ni kubwa zaidi.

Chukua neno “nakupenda”. Sisi tunamfunga mpendaji na mpendwa ndani ya kitenzi kimoja, na Kiamhari hufanya vivyo hivyo: ewedishalehu, ambamo e- ya mwanzo na -lehu ya mwisho zinamtaja “mimi”, na sh ya katikati inamtaja “wewe” ambaye ni mwanamke. Akiwa mwanamume, sh inakuwa h: ewedihalehu. Mkorea husema saranghaeyo, na ndani yake hamna “mimi” wala “wewe”. Kuna kupenda, na mwishoni yo, ambayo ni adabu kwa msikilizaji. Kiamhari kinakulazimisha useme unaongea na mwanamke au mwanamume, ilhali Kikorea kinakulazimisha useme mnaheshimiana kiasi gani.

Sharti la kwanza nililijua kwa aibu. Katika mgahawa mmoja wa Kihabeshi mtaani Eastleigh, Nairobi, nilimsalimu mama aliyekuwa akikaanga kahawa kwa kumwambia indemin neh, habari ya mwanamume. Alicheka mpaka akaweka kikaango chini, akanirekebisha: nesh. Kisha, kwa kuwa alinizidi umri, akaniongezea kwamba kwa heshima ningesema newot. Maumbo matatu, na somo likaisha kabla kahawa haijaiva.

Heshima ya Kikorea haiishi upesi hivyo. Rafiki utamuuliza kama amekula kwa kusema bap meogeosseo. Bibi yako utamwambia jinji japsusyeosseoyo, ambapo jina la chakula na kitenzi cha kula vyote vimebadilishwa, pamoja na miisho yake. Aliyelelewa kwenye shikamoo anaielewa sababu, lakini maneno yenyewe atayakariri moja moja. Lugha zote mbili, tena, huweka kitenzi mwisho wa sentensi: rafiki, mkate, anakula.

Kwa matamshi nakiri Kikorea kina upendeleo kwa watu wa Mombasa na Lamu. Wao hutenganisha paa la nyumba na paa mnyama, yule wa pili kwa pumzi, na Kikorea hutaka sikio la aina hiyo: dal ni mwezi, tal yenye pumzi ni kinyago, na ttal iliyobanwa ni binti. Kiamhari nacho kina t na k za kupasuka kooni ambazo hatuna.

Lakini msamiati unanivuta kaskazini. Kiamhari ni lugha ya Kisemiti, ndugu wa Kiarabu, kwa hiyo anayehesabu sita na saba atazitambua siddist na sebat, na aliyewahi kuona kitabu, katibu, maktaba na katiba vikitoka katika mzizi mmoja hatashangaa sebbere ikiwa “alivunja” na tesebbere ikiwa “kilivunjika”.

Halafu kuna saa. Ili kutaja saa 3:30 asubuhi, Mkorea husema ahop si samsip bun: tisa kwa tarakimu za asili, thelathini kwa tarakimu zilizotoka Uchina, na ni tisa kwa sababu siku yake huanza usiku wa manane. Mwethiopia huhesabu tangu jua linapochomoza. Ukiambiwa Addis Ababa kwamba mkutano ni sost seat asubuhi, sost ni tatu na seat ni saa, na wewe utafika saa tatu, wakati wageni wengine wakiwa bado wanaongeza sita kwa vidole.