Ruzuku ya makao ya watu wazima: fungu moja, watu wawili tofauti

Kila wabunge wa jimbo la North Carolina, Marekani, wanapokaa katika mji mkuu wao, Raleigh, kupanga bajeti, wenye makao ya watu wazima hubisha hodi na ombi lilelile: tuongezeeni kiwango tunacholipwa kwa kila mkazi asiye na uwezo, tunazama. Nyuma yao huja watetezi wa haki za watu wenye ulemavu: msiongeze hata senti, hela hiyo wapelekeeni watu majumbani mwao. Nimewasikiliza wote, na naona kila upande unamzungumzia mtu mwingine kabisa.

Makao haya si hospitali wala si vituo vya uuguzi. Jimbo hilo hutenganisha nyumba ndogo za watu 2 hadi 6 na makao makubwa ya watu 7 na kuendelea. Humo mtu husaidiwa kuoga, kuvaa, kula, kumeza dawa kwa wakati. Asiye na uwezo hutoa karibu hundi yake yote ya Social Security, yaani malipo ya serikali kuu kwa wazee na wenye ulemavu, akabakiziwa posho ndogo ya sabuni, kinyozi na simu. Pengo linalobaki hadi kufikia kiwango kilichowekwa hujazwa na mpango uitwao Special Assistance, jimbo nusu na kaunti nusu. Kwa hiyo Raleigh ikipandisha kiwango, kaunti maskini nazo zinapaswa kuchimba mifuko yao.

Kwa nini Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wasio na uwezo, isilipe yote? Kwa sababu sheria ya mpango huo, ulioanza 1965, inaulazimu kulipia kituo cha uuguzi pamoja na chumba na chakula chake, lakini katika makao haya unaruhusiwa kulipia huduma tu. Mkono unaomwogesha mzee unalipwa na mfuko mmoja, kitanda anachorudishwa kulalia kinalipwa na mwingine. Na huduma yenyewe ni ya hiari kwa jimbo, wakati kituo cha uuguzi ni lazima. Bajeti ikibana, panga hushuka kwenye hiari kwanza.

Hapo wenye makao wana hoja nzito. Uchunguzi wa bei wa 2024 wa kampuni za Genworth na CareScout ulikuta makao ya aina hii yakigharimu dola 70,800 kwa mwaka kwa bei ya wastani nchini Marekani, na kituo cha uuguzi, chumba cha watu wawili, dola 111,325. Hizo ni bei za anayejilipia mwenyewe, na walioko vituo vya uuguzi kwa kawaida ni wagonjwa zaidi, kwa hiyo tusizipime kana kwamba ni bidhaa moja. Hata hivyo, makao yakifunga milango, mzee anayesahau kama jiko linawaka haponi usahaulifu. Huishia kitanda cha hospitali, kisha kituo cha uuguzi, na jimbo linalipa zaidi.

Wasomaji wenye ndugu Marekani wanaijua kazi hii, maana Waafrika wengi huanzia humo. Saa tisa usiku kengele inalia chumba cha mwisho, mhudumu anamgeuza mzee, anabadilisha shuka, na kabla hajanawa mikono kengele nyingine inalia. Kiwango kikibaki palepale miaka nenda rudi, anayebanwa kwanza ni mhudumu huyo, na akipata ajira ghalani yenye mshahara mzuri zaidi, anaondoka.

Upande wa pili nao hausemi hewani. Mwaka 1999, katika kesi ya Olmstead iliyotoka Georgia, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumfungia mtu mwenye ulemavu katika taasisi bila sababu ni ubaguzi. Mwaka 2012 North Carolina yenyewe ilifikia makubaliano na Wizara ya Sheria ya Marekani, baada ya kubainika kwamba watu wenye ugonjwa wa akili walikuwa wakirundikwa katika makao haya, nao wangeweza kupanga nyumba zao na kusaidiwa humo humo. Jimbo liliahidi makazi kwa watu 3,000. Kwa mtu kama huyo, kupandisha kiwango ni kumlipia mwenye nyumba ili aendelee kumkalisha mahali asipopahitaji.

Tatizo, basi, ni fungu moja kubeba watu wawili. Mzee mwenye usahaulifu asiye na wa kukaa naye hasaidiwi na mhudumu wa saa mbili kwa siku, na wanaosema "majumbani" mara nyingi wanamhesabia binti asiyelipwa ambaye hayupo. Kijana anayekosa kodi ya chumba na mtu wa kumfuatilia dawa hahitaji makao hata kidogo. Mimi ningeongeza kiwango kwa wa kwanza, kwa sharti kwamba ongezeko lionekane kwenye karatasi ya mishahara ya wahudumu, la sivyo lirudi hazina. Wa pili ningempa hela ya kodi mkononi.

Na ningefanya haraka. Sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 inapunguza fedha za Medicaid kutoka Washington miaka ijayo, na katiba ya North Carolina inalitaka jimbo lisitumie zaidi ya linachokusanya. Wabunge watatafuta pa kukata, na nusu ile ya kaunti haitaongezeka yenyewe.