Kukagua nyumba Goma: fundi awe wa nani, na aanzie wapi?

Anayetaka kununua nyumba Goma, mashariki mwa Kongo, huulizwa na ndugu zake mambo mawili: karatasi zipo? Na wanataka dola ngapi? Nyumba yenyewe huachiwa macho ya dakika chache, komisioneri, yaani dalali, akitangulia kufungua milango na kusifia sebule. Mimi niko upande wa wanaosema mnunuzi amlipe fundi wake mwenyewe akague kila kitu kabla ya kutoa hata avansi, yaani malipo ya kwanza. Lakini wanaoona hiyo ni kupoteza pesa nao wana hoja, na nyingine ni nzito.

Wanasema kwanza kwamba kinachookoa mtu ni karatasi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote nchini ni mali ya serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na uthibitisho wake ni cheti cha usajili. Ukuta ukipasuka utazibwa kwa simenti, ila parseli, yaani kiwanja, iliyouzwa kwa watu wawili haina dawa ya dukani. Hapo sibishani nao. Mwenye uwezo wa kufanya jambo moja tu aanze na cheti, apimishe mipaka, aongee na majirani. Lakini cheti kizuri hakizuii mabati kuvuja.

Hoja ya pili inaniuma zaidi: fundi hununulika. Komisioneri hulipwa biashara ikifungwa, kwa hiyo fundi anayeletwa na yeye ana sababu ya kufumba macho. Hata kwenye nchi ambazo ukaguzi umekuwa desturi, jambo hili halijaisha. Marekani, jimbo la Texas linadai leseni kwa mkaguzi wa nyumba, California haidai. Mkaguzi wa huko hutumia saa chache, haangushi ukuta, huandika anachokiona tu. Na nyakati ambazo nyumba zilikuwa zinagombaniwa, wanunuzi wengi waliacha ukaguzi ili muuzaji asiwakimbie. Cha kuiga kwao ni kimoja: mnunuzi ndiye anayemchagua mkaguzi na kumlipa, nyumba inunuliwe isinunuliwe, na ripoti inaandikwa.

Wengine husema: volkano ya Nyiragongo ikilipuka, itachagua nyumba iliyokaguliwa? Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikachoma nzuri na mbovu. Ni kweli. Lakini kati ya mlipuko wa 1977 na ule wa 2002 ilipita miaka 25, na kati ya 2002 na 2021 miaka 19. Miaka yote hiyo watu wanalala chini ya mabati hayohayo na wanatumia choo hichohicho.

Ndiyo maana fundi wa Goma asianzie kwenye rangi ya ukuta. Aanzie ardhini, hata hewani. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Sake na kando ya ziwa, kuna mahali ambapo hewa ya ukaa inatoka ardhini na kutulia kwenye mabonde: mazuku. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na huzidi usiku na alfajiri upepo ukitulia. Chumba cha chini ya ardhi, au mtaro nyuma ya jikoni, unaweza kuua mtoto. Wapo wanaoshusha mshumaa kupima. Ukizimika, hapo pameshakuwa pa kuua. Usipozimika saa sita mchana, hujapata jibu la saa kumi alfajiri. Uliza majirani kama kuku na mbuzi hufia mahali fulani, na kama kuna shaka tafuta watu wenye kipimo.

Halafu jiwe. Lava ni ngumu na watu huiamini, lakini inapopoa huweza kuacha mapango chini ya ganda, na wajenzi wengine husawazisha kwa kifusi tu. Ugumu huohuo hufanya kuchimba choo kuwa kazi ya pesa nyingi, ndiyo sababu mashimo mengi ni mafupi. Chukua fito ndefu, pima mwenyewe.

Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 mji ulitikiswa kwa siku kadhaa, ardhi ikapasuka, kuta zikachanika. Nyingi zimezibwa. Tafuta mstari wa rangi mpya unaopanda mshazari kutoka kona ya mlango hadi juu, wakati ukuta uliobaki una rangi ya zamani. Fundi makini hupaka plasta kidogo juu ya ufa na kuandika tarehe. Plasta ikikatika baada ya wiki kadhaa, ukuta bado unatembea. Na mabati: moshi wa volkano hutia mvua asidi, kutu hula haraka. Ingia juu ya plafo, yaani dari, mchana bila tochi, na kila msumari uliolika utapitisha mwanga.

Upande wa sheria kuna jambo linalomkata anayekagua na asiyekagua. Sheria ya mikataba ya 1888, ambayo bado inatumika Kongo, inamwajibisha muuzaji kwa kasoro iliyofichika, lakini si kwa ile ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe. Kwa hiyo ukikagua ukanunua hivyohivyo, umekubali ulichokiona. Usipokagua, muuzaji atasema ufa ulikuwa wazi mbele ya macho yako. Mimi naona ni heri kujua, kwa sababu anayejua bado anaweza kupunguza bei.

Mwenye nyumba naye asione ukaguzi kuwa matusi. Mjane anayeuza nyumba ya mbao atahofia bei kushuka, na hofu hiyo ni halali. Lakini akimwita fundi mapema, akabadilisha mabati mawili na kueleza wazi hali ya choo, mnunuzi hatakuwa na cha kukuza ili ampunje. Kwa yale yasiyoonekana wakati wa kiangazi, waandike kwenye mkataba, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, kwamba sehemu ndogo ya bei italipwa baada ya mvua kubwa kunyesha na paa kuonekana.