Pima Mbili za Kamba

Mjomba alikuja kutoka Lamu kunitembelea Chepstow, Wales, na hakutaka kuambiwa neno kuhusu maji.

"Mpwa wangu, bahari naijua," alisema huku akifunga kiboti cha kuazima kwenye pete ya ukuta wa gati. Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, saa mbili asubuhi, Mto Wye umefura. Aliacha kamba ya pima mbili, kama mita 3 na nusu. Kwa Lamu, ambako bamvua haifiki mita 4, hicho ni kipimo cha heshima. Nikamwambia hapa maji hupwa zaidi ya mita 12, maana mto unaingia kwenye mlango wa Mto Severn, mpana upande wa baharini na mwembamba kadiri unavyoingia ndani. Maji yakibanwa humo hayana pa kwenda ila juu. Akacheka: eti Ulaya imenifunza kutia chumvi.

Tukapanda ngome ya Chepstow. William FitzOsbern, bwana wa Kinormani, aliianza mwaka 1067 juu ya jabali la chokaa. Mjomba, mtu wa milango ya nakshi, aliganda mbele ya lango la mbao la kabla ya 1190, akigonga kwa macho kila bamba la chuma. Chini kuna ghala lenye uwazi juu ya mto, ambako shehena ilivutwa kwa kamba kutoka majahazini. Akachungulia.

"Mto uko wapi?"

Tulishuka mbio. Kiboti kilikuwa kimening'inia ukutani, omo (mbele) juu peteni, tezi (nyuma) topeni. Makasia, chupa ya chai na sambusa vyote vimehamia tezi. Kofia yake ya vito, aliyoivua asubuhi kwa ajili ya upepo, imelala kwenye tope.

Fundo halikufunguka, uzito wote ulikuwa umelikaza. Angezungusha kamba peteni mara mbili kabla ya kufunga, tungeilegeza taratibu. Kuikata ni kukivunja kiboti, na tope lile humeza mguu hadi pajani. Hatua chache tu kutoka pale palikuwa na gati la kuelea, linalopanda na kushuka na maji. Mjomba hakulitazama.

Tukangoja maji yarudi, yaani hadi usiku.

Bibi mmoja mwenye mbwa akasimama, akauliza kulikoni. Kabla sijajibu, Mjomba akaniwahi:

"Mwambie tumekiinua tukipake shahamu."