Kwa Mkapa hatoki mtu, maana hakuingia mtu

Jamani, mimi sina ugomvi na kufungwa. Shabiki wa Simba wa rika langu fainali anaijua. Mwaka 1993 tulikwenda Abidjan tukatoka suluhu na Stella, tukarudi Dar kombe la CAF, hao wakubwa wa soka Afrika, tumeshalipangia kabati, tukachapwa mbili bila mbele ya mashangazi zetu. Yakapita. Ugomvi wangu ni tiketi. Kufungwa ni dakika tisini, tiketi inakufunga wiki nzima na makato juu.

Toka hiyo 1993 hesabu mwenyewe: miaka 32 nangoja fainali nyingine ya Afrika. Inafika Mei 2025, Kombe la Shirikisho, Simba na RS Berkane ya Morocco, na marudiano yako nyumbani. Sasa nyumbani si kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar? Watu 60,000 wale. Kwa watu 60,000 hata mimi wa Mbagala, ambaye foleni yoyote nikikaribia dirisha ndipo karani anakumbuka chai, nina nafasi. Mara CAF hao: Mkapa haujawa tayari, fainali ihamie Amaan, Zanzibar.

Amaan mzuri, sikatai. Umekarabatiwa, umefunguliwa upya Desemba 2023, unang'aa. Nusu fainali tulimfunga Stellenbosch pale pale, bao la Ahoua, wala hakuna aliyelalamika. Lakini unaingiza watu kama 15,000. Toa wageni kutoka Morocco. Toa wadhamini. Toa waheshimiwa, toa wake wa waheshimiwa, toa watoto wa waheshimiwa wanaouliza Simba ni wepi. Toa walinzi wa wote hao, ambao nao lazima wakae sehemu wanayoona mpira vizuri kwa sababu za kiusalama. Toa Wazanzibari, maana huwezi kwenda kwa mtu ukamnyima kiti sebuleni kwake. Kinachobaki tugawane sisi, kuanzia Mtwara mpaka Bukoba.

Nina shemeji Yanga, watani wetu wa jadi. Kila ukoo una wake. Akanipigia siku hiyo hiyo, hata salamu hakutoa. "Shem, si mlisema kwa Mkapa hatoki mtu? Mbona nyie ndio mmetolewa?" Nikamkumbusha fainali yao ya 2023, USM Alger walivyokuja hapo hapo kwa Mkapa wakawapiga mbili moja, Yanga wakaenda Algiers wakashinda moja bila, na bado kombe likabaki Algeria kwa mabao ya ugenini. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema taratibu, kwa ile sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa: "Lakini shem, siku ile mimi tiketi nilikuwa nayo. Wewe unayo?"

Sikuwa nayo. Na si kwamba sikuitafuta. Mauzo yanafunguliwa, simu iko mkononi, salio lipo, chaji imejaa, mtoto nimemtuma dukani makusudi asinisumbue. Ingiza namba. Chagua mechi. Chagua jukwaa. Nikachagua mzunguko, viti vya sisi wa kawaida, mimi na VIP tunasalimiana kwa mbali tu. Ingiza namba ya siri. Simu ikafikiri. Ikafikiri sana. Ikasema: "Samahani, ombi lako halijakamilika, tafadhali jaribu baadaye." Kabla sijavuta pumzi ikaja meseji nyingine, na hii haikuomba samahani: muamala umekamilika, salio lako jipya ni hili hapa. Yaani mtandao ambao hauna nguvu ya kuleta tiketi una nguvu ya kupeleka hela.

Nikapiga huduma kwa wateja. Kwa Kiswahili bonyeza moja. Nikabonyeza. Nikapigiwa muziki mpaka nikaanza kuupenda. Akaja dada mmoja mwenye adabu zake: "Mteja wetu, tunaomba usubiri saa 72, fedha yako itarejea." Nikamwambia dada, sitaki fedha, nataka kiti. Akasema, "Kwa upande wa kiti, zimeisha."

Zimeisha saa ngapi? Maana nilikuwa kwenye menyu toka inafunguliwa. Nani hawa wenye vidole vyepesi kuliko mimi niliyekesha?

Nikawakuta Kariakoo. Kijana amevaa kofia nyekundu, amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, mkononi ana burungutu la kadi limebanwa na rababendi mbili, nyeupe na ya kijani. Nyeupe mzunguko, kijani VIP. Hazina ya taifa imekaa juu ya ndoo. Nikamuuliza bei. "Mzunguko laki, kaka." Nikamwambia mbona bei iliyotangazwa hata robo ya hiyo haifiki. Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Kaka, iliyotangazwa ni bei ya tiketi. Mimi nakuuzia nafasi."

Nikauliza na boti je, maana baharini huwezi kudandia. Akasema boti anayo, kwenda na kurudi kwa pamoja; ya kwenda peke yake hauzi, hataki lawama za familia.

Sikununua. Nilijua tu ile bei ina homa, itashuka. Na ikashuka kweli. Jumamosi tarehe 17 Mei tumecheza Berkane, tumepigwa mbili bila. Mungu anisamehe, bao la pili lilipoingia sehemu fulani ya moyo wangu ilisema sasa mzunguko itakuwa ngapi. Asubuhi nikampigia wa kofia. Sauti imepoa. "Sitini, kaka, chukua." Nikasema hamsini. Akasema ngoja nikuulizie, kama vile tiketi ina wazazi.

Kumbe Jumapili hiyo hiyo Wanasimba nchi nzima walikuwa wanakumbushana kitu kimoja: Al Masry. Aprili tu hapo tulikwenda Misri tukafungwa mbili bila, vile vile, wakaja kwetu tukawapiga mbili, tukawatoa kwa penalti. Redioni, saluni, kwenye daladala, kote ni kupindua meza. Mzee mmoja wa Mbagala Kuu alishapindua meza na viti. Jumatatu nampigia wa kofia namwambia sawa, sitini naleta. Akacheka. "Hiyo ilikuwa bei ya msiba, kaka. Leo ni laki na ishirini."

Matumaini ya Watanzania yalimuingizia yeye elfu sitini kwa usiku mmoja, na hajawahi hata kupiga danadana.

Nikadhani ni ushenzi wetu wa huku. Binamu yangu yuko Houston, akaja kunicheka baadaye kabisa, walipoanza kuuziwa tiketi za Kombe la Dunia la 2026. Kule tiketi ya daraja la juu ya fainali ilianza kuuzwa kwa dola 6,730, na bei ikawa inapanda kadiri watu walivyoitaka. Ulanguzi wenyewe ulikuwa na soko rasmi, la FIFA yenyewe: ukiuza tiketi yako walikuwa wanakukata asilimia 15, na aliyeinunua naye anakatwa asilimia 15. Tiketi ile ile, makato pande mbili. Nilipomsimulia wa kofia alikaa kimya muda mrefu, akatoa simu, akaandika mahali.

Nyumbani nikapeleka hoja. Laki na ishirini, boti, chakula, na pa kujibanza usiku mpaka boti ya asubuhi. Mama Asha alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Hicho kiti cha laki na ishirini, mpira ukiisha unarudi nacho?" Nikasema hapana, kinabaki Amaan. "Haya," akasema, akaendelea kuchambua. Kikao kikaahirishwa.

Ndipo nikaangukia kibanda umiza, banda la kuangalia mpira kwa kulipia. Siku zote pale kwetu ni mia tano, unakaa kwenye benchi, unaloa jasho, unatoka. Jumapili tarehe 25 nafika, mlangoni pameandikwa kwa chaki 2,000. Namuuliza mwenye kibanda vipi, anasema, "Fainali hiyo." Nikamwambia fainali iko Zanzibar, wewe hapa una televisheni na turubai. Akasema nimpishe, kuna wateja nyuma.

Nikalipa. Naingia, benchi zote zina chupa za maji tupu zimepangwa kila penye nafasi ya makalio, na katoto ka darasa la tano hivi kamesimama kanalinda. "Hapa pana watu, anko." Watu gani, mbona naona chupa? "Wanakuja. Ila ukitoa elfu moja napatoa." Wakati nabishana naye, nimempa mgongo skrini, kibanda kizima kikaruka. Dakika ya 17, Mutale kafunga. Bao la Simba kwenye fainali ya Afrika, na mimi nimeona migongo ya watu na chupa ikidondoka. Na ka-elfu moja nikatoa hivyo hivyo.

Baada ya hapo mnayajua. Kipindi cha pili kimeanza tu, Kagoma kadi nyekundu. Tukakaza tukiwa kumi. Mukwala akaweka kambani, nikamkumbatia mtu nisiyemfahamu, VAR, ile video ya waamuzi, ikalikataa bao, ikatuachanisha. Simu ikatetemeka mfukoni. Meseji, wa kofia, yuko Unguja nje ya uwanja: "Kaka 30 tu, imebaki moja, mpira bado dakika 20."

Nikamjibu nipo Mbagala.

"Basi 25."

Dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha, ikaisha moja moja, tatu moja kwa jumla, kombe likaenda Morocco. Natoka mlangoni, katoto kanakusanya chupa zake kwenye mfuko kwa ajili ya mechi ijayo. Simu ikalia, shemeji, sikupokea. Ikalia tena, nikaona ni wa kofia.

"Pole kaka. Sikiliza, Ngao ya Jamii, ile ya kufungua msimu, nikuwekee mapema?"

Nikamuuliza, mzunguko ngapi?