Pedali Inalia, Fundi Ana Chupa

Mtu wa Goma akikuambia pedali zake hazilii, muulize kama pikipiki anaiendesha ama ameifungia chumbani. Nyiragongo, ule mlima wa volkeno juu ya mji wetu, ilipotapika mwaka 2002, moto ulikatiza mjini mpaka ndani ya Ziwa Kivu, nasi hatukuhama: mawe yake tukajengea ukuta, tukatupia barabarani. Magurudumu yanayasaga kila siku, na ule unga mweusi lazima ulale mahali. Umelala kwenye mhimili wa pedali yangu ya breki.

Nakanyaga, inashuka. Naachia, haipandi. Taa nyekundu inawaka toka Ndosho mpaka Birere, walio nyuma wanadhani nasimama, wananitukania mama yangu ambaye hata pikipiki hapandi. Na breki inashikashika gurudumu, inakula petroli yangu.

Haya, kwa fundi. Fundi ana chupa moja ya maji iliyojaa oili chafu iliyotolewa kwenye injini za watu. Pedali inalia? Mwagia. Gia ngumu? Mwagia. Stendi haikunjiki? Mwagia. Nikimwambia mtoto anakohoa, naogopa atanyoosha ile chupa.

Oili hiyo inakupa asubuhi moja ya amani, basi. Vumbi la volkeno likishanasa kwenye oili linakuwa msasa, na kila ukikanyaga unajilia chuma chako mwenyewe.

Nikamwambia: fundi, fungua kwanza. Toa pini, toa springi (ishike, ikirukia kwenye haya mawe meusi tumeagana nayo), sugua kwa brashi na mafuta ya taa mpaka chuma king'ae, kausha, ndipo upake grisi, kidogo, pale panapozunguka tu, ya ziada upanguse. Akanitazama weee. "Papa, hiyo ni kazi ya nusu siku. Wewe umeleta franka elfu moja."

Ila kijana wake alinihurumia. Akapaka grisi kila alichokiona, hadi ile mipira ambapo abiria anaweka miguu. Jamani! Mpira unazunguka wapi? Kinachozunguka ni kile kiungo cha chuma kinachokunja kikanyagio.

Jumapili nikabeba mama mmoja anaenda kusali, kikwembe kipya, viatu vyeupe. Kwenye matuta ya kwanza mguu ukateleza, vuu!

"Wewe motari, umenipakaa nini?"

"Samahani mama, ni fundi."

"Fundi ndiye alinibeba?"

Akashuka, akaenda kwa miguu. Pesa ya safari akaitoa sadaka, nadhani.

Basi nikafanya mwenyewe nyumbani. Pedali ya breki, kiungo cha gia, stendi, vikanyagio. Ndani ya kitundu anamopita mhimili wa pedali nilikuta tope gumu jeusi, kijiti nilichochokolea kikavunjika. Ikabidi nitafute kitu chenye manyoya.

"Papa Furaha, mswaki wa mtoto uko wapi?" mke wangu akaniita.

Sikujibu. Mtu akiwa chini ya pikipiki hasikii vizuri.

Sasa nakanyaga, inashuka. Naachia, inapanda yenyewe, tak! Taa inazima. Nikarudia mpaka mke wangu akauliza kama petroli imepanda bei ndiyo maana nasafiri nimesimama.

Jirani naye alisikia ile tak, akaja. "Papa Furaha, grisi ilibaki? Nipe kidogo nichanganye na hii."

Mkononi ana chupa ya maji, nyeusi mpaka shingoni.