Tarakimu kumi tu zinanitosha

Kila ikipatikana namba tasa mpya kubwa kuliko zote watu wanashangilia, kama ile ya Oktoba 2024, 2 kipeo 136,279,841 kutoa 1, tarakimu zaidi ya milioni 41, na mi sina ugomvi nayo ila jamani nani atakaa aisome? Mi bado niko na 2,147,483,647. Hii unaikariri leo leo.

Ni 2 kipeo 31 kutoa 1, yaani ukiiandika kwa sifuri na moja za kompyuta unapata moja 31 zimejipanga mstari, sifuri hata ya dawa hakuna. Halafu 31 nayo ni tasa, tena ni 2 kipeo 5 kutoa 1, na 5 nayo tasa. Mersenne, yule padri Mfaransa, aliiweka 31 kwenye orodha yake ya 1644 ya vipeo vinavyotoa tasa kwa mtindo huu, orodha ambayo ilikuwa na makosa kibao (67 aliiweka, kumbe wapi) ila 31 aliipatia.

Sasa kilichoniteka mimi ni Euler, mwanahisabati wa Uswisi. Mwaka 1772, macho yameshamwishia karibu yote, akathibitisha kwamba ni tasa bila mashine yoyote. Ukienda kwa nguvu unatakiwa ujaribu kila namba tasa mpaka kipeuo cha pili chake, kama 46,340 hivi, na hizo ni 4,792. Yeye akaona kigawanyo chochote, kama kipo, ukikigawa kwa 62 (mara mbili ya 31) lazima kibaki 1, na ukikigawa kwa 8 kibaki 1 au 7, ukiunganisha hayo mawili maana yake kwa 248 kinabaki 1 au 63 basi, kwa hiyo kazi yote ikashuka mpaka migawanyo isiyozidi 372. Aisee! Hapo kompyuta haijasaidia kitu, ni kichwa tu, na we mwenyewe ukiwa na kalamu na wikendi mbili tatu unaweza kuirudia hatua kwa hatua. Ile ya milioni 41 utairudiaje?

Mwaka 1811 Barlow, mwanahisabati Mwingereza, akaandika kwamba hakuna atakayehangaika kutafuta zaidi ya hapo maana hivi vitu ni vya kustaajabia tu, havina kazi. Lucas, mwanahisabati Mfaransa, akamuumbua 1876 na 2 kipeo 127 kutoa 1. Na kuhusu kukosa kazi ndo kabisa, 2,147,483,647 ndiyo dari ya namba kamili zenye alama (chanya au hasi) ambazo kompyuta inaziandika kwa biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja, ingawa hapo hata isingekuwa tasa ingekuwa dari vilevile, tusidanganyane. Utasa wake unafanya kazi kwenye kuzalisha namba nasibu, zinazoonekana hazina mpangilio: unazidisha kwa 16,807, unagawa kwa namba yetu, unachukua baki, unarudia tena, na mzunguko haujirudii mpaka umepita zote 2,147,483,646.

Na tarehe 19 Januari 2038, saa 9 na dakika 14 na sekunde 7 usiku kwa saa za kimataifa (UTC), mashine za zamani zinazohesabu sekunde toka 1970 kwa biti 32 zitaifikia dari hiyo. Sekunde inayofuata hesabu inageuka hasi na zinajikuta Desemba 1901.