Njaa ya bahari tuwaulize wanaoishi humo

Mama mdogo analima mwani hapa Mikindani, Mtwara. Bamvua lililopita maji yalipotoka nikashuka nae shambani, akashika tawi moja likamkatikia mkononi, katikati limekuwa jeupee, ukilibonyeza linapondeka. Akasema "maji haya yamechoka mwanangu, hayana chakula". Hajapima kitu, kautazama mmea tu, na mi naona kasema sayansi kabisa, manake mwani ukidhoofishwa na joto au chumvi kubadilika au virutubisho kupungua ndo bakteria wanapata pa kuingilia.

Kuna watu walishakuja kuchota maji kwenye chupa wakaondoka nayo, majibu mpaka leo hatujayaona. Na hata yangekuja, namba inakwambia kilichomo kwenye maji, haikwambii kiumbe anaweza kula kiasi gani. Madini ya chuma kwa mfano, karibu yote yaliyoyeyuka baharini yameshikwa na molekuli nyingine, vijidudu vingi vinahangaika kuyapata, ni kama korosho zimejaa ghalani ila ufunguo hauna wewe.

Ndo maana hii ya kutumia vijidudu wenyewe kama kipimo nimeipenda sana jamani. Wanasayansi wamemchukua sianobakteria anaitwa Synechococcus, anaishi kwa jua kama mmea, mdogo mno, ukiwapanga elfu moja hivi ndo wanatimia milimita moja, wakamuwekea jeni za mwanga kutoka kwa bakteria wa baharini wanaong'aa wa jamii ya Vibrio, wakaziunga na swichi ambayo anaiwasha mwenyewe akikosa fosfati, moja ya virutubisho anavyohitaji. Unamtia kwenye maji, unamuacha masaa kadhaa, afu mashine inasoma mwanga, ukizidi ujue njaa imezidi. Wa kupima chuma wapo, wa naitrojeni pia.

Ila umakini unatakiwa. Mdudu aliyekufa nae hawaki, unaweza kudhani kashiba kumbe maji yana sumu, kwahiyo pembeni lazima uweke mwingine anayewaka muda wote, huyo nae akififia ujue tatizo sio chakula. Na hawa wamebadilishwa jeni, wabaki kwenye chupa na wauawe kazi ikiisha, hapo sitaki mjadala kabisa, hii ghuba ndo tunavulia na watoto wanaogelea humu.

Ninachotaka mimi kipimo kifanyikie hukuhuku Mtwara, na jibu aanze kulipata mwenye shamba kabla ya bamvua linalofuata, yaani ndani ya wiki mbili, akiwa bado ana mbegu ya kuokoa. Siku ile mama mdogo alifungua kamba mbili zilizokuwa na afya kidogo, tukazibeba hadi kule mkondo unapopita kwa nguvu, maji yananifika kifuani nimeshika kigingi nae anafunga. Kachagua pale kwa kukisia tu.